Roboti ikigonga ukuta, msikimbilie kulaumu kihisi

Mzazi mwingine tena ameniuliza anunue kihisi gani, maana roboti ya mwanawe inagonga ukuta, kwa hiyo kihisi "kimekufa". Walimu nao huniambia hivyo hivyo. Nikikichukua hicho kilichokufa nikakiunganisha mezani kwangu, mara nyingi kinapima vizuri tu. Kasoro imo kwenye programu, na mtoto angeigundua mwenyewe laiti mtu mzima asingemwahi kwa kumwambia kifaa kimeharibika.

Kihisi hakijui ukuta ni nini. Chukua HC-SR04, kihisi cha umbali, kile chenye duara mbili mbele ambacho kimejaa kwenye seti za kufundishia. Kinatoa mlio wa kilohezi 40 ambao sikio letu halisikii, kinasubiri mwangwi, halafu kinashikilia umeme wa pini ya Echo, mguu wake wa kutolea jibu, juu kwa muda ule ule ambao sauti ilienda na kurudi. Kazi yake imeishia hapo. Programu ndiyo inayogawa maikrosekunde hizo kwa 58 kupata sentimita. Hata sentimita, basi, hazikutoka kwenye kihisi. Sembuse uamuzi wa kugeuka kushoto! Huo umeandikwa na mtoto.

Vihisi vya mstari, vile vya kuifanya roboti ifuate mstari mweusi sakafuni, sina haja ya kukaa navyo: Arduino Uno, bodi ndogo inayoendesha programu ya roboti, inakupa namba kati ya 0 na 1023, unapima juu ya nyeusi, unapima juu ya nyeupe, unaweka mpaka katikati. Ukihamia karibu na dirisha pima upya, kwa sababu vihisi hivi hutumia miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, na jua nalo lina yake.

Kinachonichosha ni suala la wakati, ambalo karibu kila somo nililoliona linaliruka. Mtoto anaandika: pima umbali, ukiwa chini ya sentimita 20, geuka, la sivyo, nenda mbele sekunde 2, rudia. Mtu mzima anaisoma, anatikisa kichwa kukubali. Sasa fanyeni hesabu. Roboti inakwenda sentimita 30 kwa sekunde, na ukuta uko sentimita 50 mbele. Inapima: 50. Je, 50 ni chini ya 20? Hapana. Basi inatii, inakwenda mbele sekunde 2, yaani sentimita 60, na ukuta uko 50. Imegonga! Kihisi kilikuwa kizima muda wote huo, ila hakuna aliyekiuliza chochote. Roboti imefuata maagizo neno kwa neno, na hilo ndilo somo lenyewe ambalo tunalitupa tunapokimbilia dukani.

Dawa ni kupima mara nyingi na kusogea kidogo kidogo. Lakini msipime kwa pupa pia. Acheni kama milisekunde 60 kati ya kipimo na kipimo, ili mwangwi wa zamani uishe kabla hamjatuma mlio mpya. Kwa mwendo ule ule, roboti itakuwa imesogea chini ya sentimita 2.

Kuna kasoro nyingine ninayoipenda sana kwa kufundishia. Roboti iko katikati ya chumba kitupu, hakuna kitu mbele, nayo inazunguka tu papo hapo. "Inaogopa hewa!" mwanafunzi mmoja alipiga kelele. Tukaziangalia namba: 0, 0, 0. Mwangwi usiporudi ndani ya muda uliowekwa kwenye programu, amri ya pulseIn, ile inayopima muda wa pini ya Echo, hurudisha sifuri, na sifuri ni chini ya 20. Sauti ikitua kwenye pazia zito inamezwa, ikipiga kadibodi iliyokaa mshazari inaruka pembeni, na matokeo yanakuwa yale yale. Mtoto inabidi aandike sharti jingine: sifuri isihesabiwe kuwa umbali. Akishaliandika kwa mkono wake, ameelewa vihisi kuliko mchoro wowote utakaombandikia ukutani.

Mchoro wenyewe, ule wa visanduku vitatu vya kihisi, programu na mota, naufundisha, lakini una doa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 William Grey Walter, mtafiti wa ubongo, aliunda huko Bristol, Uingereza, roboti zake Elmer na Elsie. Zilifuata mwanga na kukwepa vizuizi bila programu yoyote, ubongo wake ukiwa vali mbili za redio. Watoto wakiuliza maagizo yalikaa wapi, huwajibu kwamba yalikuwa kwenye waya, jinsi zilivyounganishwa. Jibu hilo haliniridhishi hata mimi. Na kwa wadogo kabisa, wanaosema roboti "imeona", nasita kuwakatiza, kwa sababu kuongea hivyo kunawasaidia kukisia itafanya nini. Waanze lini kudai namba? Nabadilisha mawazo kila muhula.

Ila mtoto mkubwa anayejua kutoa na kugawanya hana kisingizio. Roboti ikigonga, chomekeni waya wa USB, fungueni dirisha la namba kwenye kompyuta, mtoto aisukume kwa mkono polepole kuelekea ukutani huku akisoma kwa sauti. Namba zikishuka 52, 49, 45, kihisi ni kizima, rudini kwenye programu. Zikiganda pale pale, angalieni kwanza kama waya za Trig (pini ya kuagiza mlio) na Echo hazikupishana. Habari za kununua kingine zije baada ya hapo.