Acheni kusema "ni uzee tu"

"Daktari, si uzee tu huu?" Wiki hii nimeulizwa tena, na kijana aliyemleta mama yake baada ya miaka ya kuambiwa hivyo na kila mtu, wakiwemo wahudumu wa afya waliopaswa kujua. Mkono wa kulia haupungi akitembea, mwandiko umekuwa mdogo, uso hauonyeshi furaha wala hasira. Hapana, si uzee tu. Ni Parkinson, ugonjwa unaoua taratibu seli za ubongo zinazosaidia kuongoza mwendo.

Hoja nyepesi kwanza. Wengi wanaotetemeka wakishika kikombe hawana Parkinson, na wapo wenye Parkinson wasiotetemeka kabisa. Mtetemo wa Parkinson huonekana zaidi mkono ukiwa umetulia, na kwa kawaida huanza upande mmoja. Mimi natafuta kwanza wepesi uliopotea: mwambie agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, utaona mwendo unavyosinyaa. Muhammad Ali aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1984 akiwa na miaka 42, mwigizaji Michael J. Fox mwaka 1991, bado kijana. Huo ni uzee gani?

Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu wagonjwa wengi kweli ni wazee. Umri ndio kihatarishi kikubwa kuliko vyote. Kinachonikera ni watu kuruka kutoka "huja na umri" hadi "ndio umri wenyewe", wakati swali hilo liliulizwa vizuri kwenye ubongo wenyewe. Mwaka 1991 watafiti Fearnley na Lees, London, walihesabu seli za substansia nigra, sehemu ya ubongo ambayo Parkinson huishambulia, katika bongo za marehemu, waliokuwa na Parkinson na wasiokuwa nayo. Kwa wasiokuwa nayo, seli zilipungua kwa asilimia 4.7 hivi kila miaka kumi, na hasara ilikuwa kubwa zaidi kwenye tabaka la juu, huku sehemu ya chini upande wa nje ikisalimika kwa kiasi. Kwa wenye Parkinson ramani iligeuka: sehemu ileile ambayo uzee huiacha ndiyo iliyoteketea zaidi. Dalili zinapoanza, hapo tayari pamepotea theluthi mbili ya seli. Ungekuwa uzee uliokimbia, ungeharibu palepale kwa kasi zaidi. Hauharibu palepale. Nawaomba wenzangu wanaofundisha wanafunzi waitumie hoja hii, maana mifano ya vijana pekee haimshawishi mtu mwenye baba wa miaka 75.

Nakiri ile 4.7 siishiki kwa mikono miwili. Waliohesabu baadaye kwa njia nyingine, wengine hawakuona upungufu wowote kwa wazee wenye afya. Halafu ipo miili ya Lewy, mabonge ya protini ndani ya seli za ubongo ambayo ni alama ya Parkinson, na ambayo huonekana katika bongo za baadhi ya wazee waliofariki bila dalili hata moja. Je, ulikuwa ugonjwa uliokuwa njiani, au ni kitu ambacho mtu angeishi nacho miaka mia? Naegemea la kwanza, lakini ushahidi wa kufunga mjadala haupo. Tunachokijua ni kwamba mitokondria, yaani vinu vya nishati, za seli hizi za substansia nigra hukusanya kasoro za DNA kadiri umri unavyopanda. Kwa hiyo uzee unailainishia Parkinson ardhi. Mbegu inatoka kwingine.

Kosa hili la kusema "ni uzee tu" lina gharama. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu wapatao 161,000, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu yao hakuna aliyewahi kuwaambia wanaumwa nini, kwa hiyo hata dawa hawakuwa nayo, na levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, inajulikana tangu miaka ya 1960!

Levodopa haizuii ugonjwa kusonga mbele. Inamrudishia mtu mikono yake: anafunga vifungo vya shati, anakula mwenyewe, anajigeuza kitandani usiku bila kuamsha mtu. Mgonjwa wa miaka 80 namtarajia kunufaika kidogo kuliko wa 50, hasa kwenye kusimama imara na kumbukumbu, kwa kuwa hapo ugonjwa na uzee vinamvuta pamoja na dawa haivifikii vyote. Naye pia namwanzishia, kwa dozi ndogo, naipandisha taratibu huku nikimpima shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama.