“Lakini Hakufaidika”: Dhana Potofu Kuhusu Mipaka ya Njia ya Mbio

Nafundisha wasimamizi wa mbio hapa Kampala, na kila Jumapili yenye Formula 1, mbio za magari za dunia kwenye lami, simu yangu hujaa ujumbe. Wanaoandika ni wazazi wa watoto wa motokrosi (mbio za pikipiki kwenye udongo), mashabiki wa rali, hata vijana ninaowafundisha mwenyewe. Swali ni lile lile, dereva fulani akiadhibiwa kwa kutoka nje ya njia: “Mwalimu, mbona wamemwadhibu? Si hakufaidika chochote?” Nimelijibu kwa mmoja mmoja hadi nimechoka.

Dhana: Dereva akitoka nje ya njia bila kupata faida, hana kosa.

Ana kosa. Kanuni inamtaka dereva abaki ndani ya njia muda wote, asitoke bila sababu ya msingi. Aliyesukumwa na mwenzake au aliyekwepa ajali ana sababu. Aliyeingia konani kwa kasi ambayo matairi hayawezi kuishika hana. Kwenye kupanga nafasi za kuanzia mbio, muda wa mzunguko huo unafutwa. Kwenye mbio zenyewe makosa yanahesabiwa: la tatu linaleta onyo la bendera nyeusi na nyeupe, la nne linaleta adhabu ya sekunde 5.

Mtazameni dereva Lando Norris kule Austria mwaka 2024. Alijaribu kumpita Max Verstappen kwenye kona ya tatu, akashindwa kuzuia gari, akatoka nje, kisha akamrudishia nafasi yake. Alifaidika nini? Hakuna. Lakini hilo lilikuwa kosa lake la nne, na sekunde 5 akapewa.

Najua dhana hii tumeitoa wapi: tumeitoa nyumbani. Sisi tumelelewa na motokrosi na rali. Kwenye viwanja vyetu vya Garuga au Busiika, mtoto akitupwa nje ya njia anatakiwa arudi karibu na alipotokea, asijiongezee nafasi. Faida ndiyo tunayoichunga. Kwenye Pearl of Africa Rally barabara ya vumbi haina mstari mweupe wa kumpimia mtu, na anayekata kona kupita kiasi hukutana na mtaro au kisiki kabla hajakutana na jaji. Kwa hiyo macho yetu yamezoea kutafuta faida, na kwa michezo yetu hiyo ni sawa kabisa. Kwenye lami yanatudanganya.

Yanatudanganya kwa sababu faida ya lami haionekani pale kosa lilipotendeka. Dereva akitanua kona kidogo tu, anakanyaga mafuta mapema kuliko mwenzake, na kasi hiyo anaibeba hadi mwisho wa sehemu iliyonyooka. Wewe unakodolea kona, na faida imeshakwenda mbali mbele. Jaji gani ataipima hiyo, gari baada ya gari, mzunguko baada ya mzunguko?

Wasimamizi wa Formula 1 walijaribu kupima faida, tena si zamani. Bahrain mwaka 2021, kwenye kona ya nne, madereva waliambiwa kwamba wakati wa mbio kutoka nje hakutafuatiliwa, ila mtu asipate faida ya kudumu. Lewis Hamilton akapita nje hapo mara 29. Katikati ya mbio wakaambiwa waache. Mwishoni Verstappen akampita Hamilton akiwa nje ya mstari kona hiyo hiyo, akalazimika kurudisha nafasi, na Hamilton akashinda. Ubishi wake haujaisha hadi leo! Tangu 2022 mstari mweupe ndio mpaka katika kila kona, na mimi naunga mkono kwa moyo wote.

Dhana: Tairi mbili zikiwa nje, ametoka. Hapana, mpaka gari lote liwe nje. Mstari mweupe wenyewe ni sehemu ya njia. Kingo zenye rangi nyekundu na nyeupe si sehemu yake. Tairi moja ikigusa mstari, yuko ndani. Tafadhalini, sitisheni picha mtazame tairi ya mwisho kabla ya kuniandikia.

Dhana: Mpaka ni wa upande wa nje wa kona tu. Hapana, hata wa ndani upo. Mwaka 2017 kule Austin, Marekani, Verstappen alimpita Kimi Räikkönen mzunguko wa mwisho akiwa amekata kwa ndani. Adhabu ya sekunde 5 ikamnyang’anya nafasi ya tatu.

Dhana: Majaji wanachagua wa kumwadhibu. Hii inaniuma, kwa sababu nimesimama konani na najua kazi ilivyo. Austria mwaka 2023 matukio ya kutoka nje ya njia yaliyoripotiwa yalizidi 1,200. Timu ya Aston Martin ikapinga matokeo, yakapitiwa upya, na madereva 8 wakaongezewa adhabu baada ya mbio kuisha. Hawakuchagua mtu; kazi iliwazidi. Mwaka uliofuata waliweka changarawe nje ya kona mbili za mwisho, na makosa ya pale karibu yakaisha.

Kwa wanafunzi wangu: ukipangiwa kona, usifuate gari kwa macho. Chagua alama moja kwenye mstari, ikazie macho, acha magari yapite juu yake. Andika namba ya gari na mzunguko papo hapo, kabla la pili halijafika.