Wakimya Wanaokuja Kusini: Umbali Haukupi Utulivu

"Nitafutie kijiji cha mbali kabisa, kisichojulikana, nikakae peke yangu." Ombi hili hutufikia sisi tunaopanga safari za Mtwara na Lindi kwa maneno yaleyale, anabadilika muombaji tu. Anayeomba huwa ni mtu mkimya, amechoshwa na ofisi na foleni za Dar es Salaam, na anaamini kilomita ndizo dawa. Anaomba kitu kitakachomchosha zaidi ya alikotoka.

Dhana: Kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyokuwa peke yako

Mgeni kuku mweupe. Ukishuka kwenye bodaboda na begi lako katika kijiji cha ndani huko Nanyumbu au Liwale, kabla hujamlipa dereva habari zako zimeshafika kisimani. Watoto watakufuata. Wazee watataka salamu, na salamu za huku si neno moja. Mwenyekiti wa kitongoji atataka kujua umefikia kwa nani. Mama wa nyumba ya jirani atakuletea ugali, kwa sababu mtu kula peke yake ni jambo la kusikitisha. Kaa kimya chini ya mwembe asubuhi nzima uone: watakuuliza kama unaumwa, na kesho yake watauliza kama umefiwa. Hakuna ubaya hapo, kijiji kina haki ya kumjua anayelala ndani yake. Lakini usiseme umekwenda kupumzika mbali na watu.

Mji wa kadiri ndio unaomficha mtu. Mtwara mjini, Lindi mjini, Masasi na Kilwa Masoko zimezoea watumishi wa uhamisho, madereva wa malori, makarani wa korosho na watu wa gesi. Hakuna anayeshangaa mtu kunywa chai peke yake na kitabu. Mikindani, mwendo wa kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini, inazidi yote hiyo. Ni mji mdogo wa kale, wenyeji wake wameona wageni wakitembea bila shughuli tangu zamani (Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866), na boma la Wajerumani la mwaka 1895 leo ni hoteli. Panda kilima kilicho nyuma ya boma asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ghuba yote itakuwa chini yako na huenda usikutane na mtu njia nzima.

Jambo ambalo wateja wengi hawataki kulisikia ni hili: utulivu wa kusini unatafutwa kwa saa na kwa majira. Ufukwe mmoja unaweza kuwa mtupu Jumanne na kuwa soko Jumatano, na umbali wake kutoka mjini haujabadilika hata hatua moja.

Anza na bahari. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupwa sana, na kwenye pwani yetu hupwa takriban saa 4 asubuhi. Hapo ndipo kina mama na watoto wanaposhuka na ndoo kuchokoa pweza na kuokota chaza, na mwamba unakuwa na watu kuliko barabara. Maji hurudi na kujaa karibu saa 10 jioni, mwamba ukafunikwa, watu wakarudi nyumbani. Basi mkimya siku za bamvua aende ufukweni jioni. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: asubuhi maji yamejaa, yakipwa hayapwi sana, na wachokoaji ni wachache. Wiki hiyo ndiyo ya kuchagua kama una uhuru wa tarehe. Kumbuka tu kwamba saa za kujaa na kupwa husogea mbele kwa dakika kama 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya Jumatatu haikufai Ijumaa. Hesabu hiyo muulize mvuvi, atakujibu bila kuangalia saa.

Giza la mwezi nalo lina watu wake. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku usio na mwezi na kurudi alfajiri, na pale wanapopakua kuna wachuuzi, majiko, ndoo na makelele. Nyumba ya kulala wageni iliyo jirani na diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, itakuamsha kabla ya adhana. Kuna pia vijiji vya pwani vinavyofunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Siku ya kuufungua, wachokoaji na wanunuzi hufurika. Uliza tarehe hiyo kabla ya kulipa chumba.

Bara, mwenye kalenda ni mkorosho. Watu huniambia wanataka kwenda Newala mwezi wa Julai "kuna baridi na ukimya". Baridi ipo, na upepo wa uwanda wa Makonde upo. Ila kuanzia Juni hadi Agosti wakulima wanapulizia salfa, na kazi hiyo hufanywa alfajiri, wakati umande unaishika poda kwenye majani na upepo haujaanza. Mashine ya kupulizia ina injini ndogo inayounguruma kuliko pikipiki mbovu. Ukilala pembeni ya shamba utaamka nayo, na ukitembea humo utakohoa. Kuanzia Oktoba ni mavuno na minada, gesti za Newala, Tandahimba na Masasi hujaa wanunuzi na madereva, na bei hupanda. Likizo za Juni na Desemba huwa na jando na unyago, ngoma inakesha na mtaa mzima unakesha nayo. Usiombe wapunguze sauti. Ni shughuli yao, wewe ndiye uliyekosea tarehe.

Kinachobaki? Mei, mvua zikiwa zimekatika na salfa haijaanza, au Septemba kabla ya minada. Katika siku hizo nenda ukingoni mwa uwanda pale Shimo la Mungu, Newala, asubuhi ya siku ya kazi, na utalitazama bonde la Ruvuma bila mtu wa kukusemesha.

Na anayeng'ang'ania kijiji afanye hivi. Apitie kwanza ofisi ya kijiji, aonane na mtendaji au mwenyekiti akiwa na kitambulisho, aseme atalala kwa nani na ataondoka lini. Ampate mwenyeji mmoja, ikiwezekana mtu mzima anayeheshimika, na amweleze mapema: "Mzee wangu, nimekuja kupumzika, sina shida na sina msiba, asubuhi napenda kukaa peke yangu hadi saa 6." Mwenyeji huyo atawajibu wengine kwa niaba yake. Salamu azimalize zote siku ya kwanza, azunguke yeye mwenyewe nyumba kwa nyumba, shikamoo kwa wakubwa, asisubiri kufuatwa. Anayesalimu kikamilifu mara moja huachwa na nafasi yake, na anayekwepa salamu hufuatiliwa, maana hajaeleweka. Wakimya wengi hufanya kinyume: wanajificha, halafu wanalalamika kwamba watu wa huko ni wadadisi.

Dhana: Kuwa peke yako maana yake asijue mtu uliko

Hii inaua, kwa hiyo sina subira nayo. Msimbati, kama kilomita 40 kutoka Mtwara mjini, ina mchanga mrefu mweupe, na siku ya kazi unaweza kutembea muda mrefu bila kuonana na mtu. Iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo kuna kiingilio na risiti. Upande wa Ruvula kina kinaanza ghafla karibu na ukingo, na mkondo wakati maji yanatoka una nguvu. Mtu anayejua kuogelea kwenye bwawa la hoteli si muogeleaji hapo. Oga maji yakiwa yametulia baada ya kujaa, usivuke kifua, na mwambie mtu wa nyumba uliyofikia saa utakayorudi. Barabara ya mwisho ni mchanga. Gari dogo litazama, na kulinasua utahitaji kijiji kizima, na hapo ndipo upweke wako utakapokwisha.

Ukanda wa mto Ruvuma una sharti la ziada. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na watu wenye silaha kutoka upande wa Msumbiji. Tangu hapo mgeni anayezurura peke yake mpakani bila kujitambulisha ataulizwa, na ni haki aulizwe. Ripoti serikali ya kijiji, usipige picha vivuko wala askari, na kama lengo lako ni kutosemeshwa na mtu, chagua pengine. Ndani ya Liwale na Nachingwea sababu ni nyingine: tembo. Usitembee porini peke yako alfajiri wala magharibi.

Dhana: Kilwa Kisiwani ni magofu tu, unajiendea mwenyewe

Hujiendei. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na kibali unakichukua Kilwa Masoko kabla ya kupanda chombo. Utapewa pia mwongozaji. Wakimya humwogopa mwongozaji kuliko jua. Dawa ni kupatana naye kabla ya kuvuka: akueleze yote ya Msikiti Mkuu na Gereza mwanzoni, kisha pale Husuni Kubwa akuachie nafasi, yeye akae kivulini. Atakubali kwa furaha, naye anachoka kusema.

Kodi boti nzima. Anayesubiri kuchangia nauli ili aokoe fedha ataishia na kundi la wanafunzi. Ondoka mapema, na uliza bandarini kama kuna meli ya watalii inayotarajiwa, kwa sababu siku hiyo abiria wa meli hushuka kwa makundi na mwongozaji wako atahitajika kwao. Songo Mnara ni tulivu zaidi, lakini safari yake inafuata maji: ukifika yamepwa utatembea kwenye tope la mikoko, viatu mkononi. Na Juni hadi Agosti upepo wa kusi unavuma. Anayetapika baharini hafurahii upweke wala kitu kingine.

Dhana: Njoo wakati wa mvua, hakuna watu

Hakuna watu kwa sababu hakuna barabara. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, si masika na vuli kama Dar es Salaam. Hata lami si dhamana: mwaka 2024 mvua zile na kimbunga Hidaya cha mwanzoni mwa Mei zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi, abiria wakakwama. Ukija Machi, weka siku mbili za akiba na fedha taslimu.

Dhana: Tendaguru utakaa peke yako na mifupa ya dinosaria

Peke yako, ndiyo. Mifupa, hapana. Wajerumani waliichimba kati ya mwaka 1909 na 1913, na mjusi mkubwa mwenye kimo cha zaidi ya mita 13 yuko Berlin. Utakachokuta huko Tendaguru, mkoani Lindi, ni kilima, majani marefu na kimya cha kweli. Mimi napapenda, lakini nenda ukijua hivyo, kiangazi, na gari la juu pamoja na mwenyeji anayeijua njia.

Dhana: Msitu ni kimya

Asiyewahi kulala msituni ndiye anayesema hivyo. Uwanda wa Rondo, Lindi, una komba mdogo aliyepewa jina la mahali hapo, naye huanza kuita giza likiingia. Kibali ni cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Kama unataka kutosikia binadamu, panafaa sana. Kama unataka kutosikia chochote, nunua pamba za masikio.

Dhana: Gesti ya bei ndiyo tulivu

Bei hulipia kiyoyozi na televisheni. Utulivu unategemea jirani. Kabla ya kulipa, zunguka jengo na uangalie baa iko upande gani, jenereta limefungwa wapi, vipaza sauti vya msikiti au kanisa vimeelekea wapi, na kama kuna ukumbi wa sherehe ndani ya mita 200. Omba chumba cha nyuma, cha mwisho wa korido, mbali na mapokezi, maana mapokezi huwa na redio. Ukiwa Mtwara mjini, ufukwe wa Shangani huwa mtupu asubuhi za siku za kazi, na Jumapili jioni mji wote uko pale. Idi, Krismasi na mwaka mpya usijaribu ufukwe wowote unaofikika kwa bajaji. Na mhudumu akikuambia "hapa kimya kabisa, bosi" saa 5 asubuhi, muulize Jumamosi iliyopita kulikuwa na nini hapo saa 5 usiku.