Vile "vijiwe" vya kijani havitoki kwenye ini

"Kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau usiku, asubuhi utatoa mawe yote ya ini." Ushauri huu ni wa siku nyingi, na wanaousadiki hudai ushahidi wanao: madonge ya kijani yanayoelea chooni.

Yatazameni vizuri. Ni laini, yanabonyea kidoleni. Mwaka 2005 jarida la kitabibu The Lancet liliripoti kisa cha mwanamke aliyeyapeleka maabara: yaliyeyuka kwenye nyuzi joto 40, na hayakuwa na kolesteroli wala kalsiamu kama vijiwe halisi vya nyongo. Sehemu kubwa ilikuwa asidi za mafuta. Mafuta aliyokunywa yalikuwa yamegeuka aina ya sabuni tumboni mwake. Kwa maneno mengine, dawa ndiyo iliyotengeneza mawe.

Ini lenyewe si chujio linalojaa uchafu hadi lisuuzwe. Hubadilisha sumu kikemikali, kisha figo na nyongo huzitoa.

Vipi manjano, kile kiungo ambacho nacho husifiwa kuwa husafisha ini? Kwenye mchuzi hayana neno. Vidonge vyake vikali, hasa vilivyochanganywa na dondoo ya pilipili manga, vimewahi kuwaumiza watu maini, na hapo ndipo neno "asili" linapodanganya.

Ajabu ni kahawa, ambayo wengi huiogopa: tafiti nyingi zinaihusisha na uwezekano mdogo wa ini kupata makovu. Haitibu, lakini kuisingizia ubaya ni kuionea.

Macho yakigeuka manjano, nenda hospitali kabla ya kutafuta majani.