Bangi si mmea wa joto tu

Wengi tumekua tukisikia kwamba bangi ni mmea wa nchi za joto, na kwamba jua kali ndilo huufanya uchanue. Ni rahisi kuamini hivyo kwa anayeishi huku Afrika Mashariki. Lakini asili yake ni Asia, sehemu zenye majira ya baridi kali, na Urusi ililima jamii yake ya nyuzi kwa karne nyingi. Kamba za merikebu nyingi za Ulaya zilitoka huko.

Kwa aina nyingi, kinachoamsha maua ni urefu wa usiku, si joto. Karibu na ikweta usiku una urefu wa kama saa 12 mwaka mzima, unaotosha kuamsha maua, ndiyo maana aina za kaskazini zikiletwa huku huchanua zingali fupi.

Mwenye shaka kuhusu urefu wa usiku alinganishe ratiba za swala. Swala ya magharibi, inayoingia jua linapozama, kwa Zanzibar haisogei hata saa moja mwaka mzima. Ya London huingia kabla ya saa kumi alasiri mwezi Desemba. Juni, hupita saa tatu usiku.