Je, wajua kwa nini wanafunzi wa biashara wanasomeshwa uwajibikaji kwa jamii? (Na madawati yanaingia wapi?)

Muulize mtu yeyote hapa Dar CSR, yaani huo uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, ni nini, atakwambia ni kampuni kurudisha kwa jamii. Benki imepeleka madawati shule ya msingi, kampuni fulani imechimba kisima, mkurugenzi kapiga picha na mwalimu mkuu wameshika hundi kubwa kama mlango, taarifa ya habari ya saa mbili imeonyesha, imeisha hiyo. Sasa ukisikia kwamba chuo cha biashara kina kozi nzima ya uwajibikaji kwa jamii na uendelevu, semista nzima na mtihani juu, swali linakuja lenyewe: hivi kutoa msaada nako kunasomewa?

Jibu fupi ni kwamba msaada wenyewe ni sehemu ndogo sana ya somo. Jibu refu linataka tutulie kidogo, kwa sababu karibu kila mjadala wa CSR hapa kwetu unaharibikia hapo hapo mwanzoni.

Mwaka 1991 profesa mmoja wa Marekani, Archie Carroll, alichora piramidi ambayo mpaka leo inaonekana kwenye noti za somo hili karibu kila mahali. Chini kabisa, kwenye msingi, kaweka kazi ya kiuchumi: kampuni itengeneze kitu ambacho watu wanakitaka na ipate faida, maana isipopata inakufa na mishahara inakufa nayo. Juu yake ikaja sheria. Juu ya sheria maadili, yale mambo ambayo sheria haijayafikia lakini kila mtu anajua hili ni sawa na hili si sawa. Halafu juu kabisa, kwenye kale kancha, ndio misaada. Sisi tumeshika kale kancha tukaamini ndio piramidi yote.

Na kosa hili lina hasara yake kwenye pesa, sio maneno tu. Tuseme kuna kiwanda kinapata faida ya milioni 500 kwa mwaka. Kinatoa maji yenye rangi na kemikali, mtambo wa kuyasafisha ungekula milioni 120 kila mwaka, ila mtambo hakuna, maji yanaenda mtoni hivyo hivyo. Mwezi wa sita wanapeleka madawati ya milioni 10 shuleni. Kwenye gazeti kampuni imetoa milioni 10, ila ukikaa na kalamu utaona imebaki na milioni 110 ambazo zilitakiwa ziwe kwenye mtambo. Madawati ni mazuri, watoto walikuwa wanakaa chini sasa wamekaa juu, hakuna anayebisha hilo. Tatizo ni kwamba yule mwanafunzi aliyekalia dawati na bibi anayemwagilia mchicha kwa maji ya ule mto wanaweza kuwa wa nyumba moja, na hesabu ya gazeti imemwona mmoja tu.

Sheria zetu nazo zimechangia picha hii bila kukusudia. Sheria ya Madini ya 2010, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na akubaliane na halmashauri ya pale alipo. Kwa watu wanaoishi jirani na migodi hilo ni jambo kubwa, zamani kampuni ilikuwa inaamua yenyewe ijenge nini na wapi. Ila kwa mwananchi anayesikia habari hizo redioni, CSR inazidi kuwa bajeti ya madarasa na zahanati, wakati mambo ya mabwawa ya tope sumu, vumbi na kemikali yanasomwa kwenye sheria nyingine, hasa ile ya mazingira ya 2004, kwa hiyo hakuna anayeyaita CSR ingawa ndiyo mazito zaidi.

Hata yule anayetajwa kila siku kama mpinzani mkubwa wa CSR, mchumi Milton Friedman, ukimsoma vizuri utashangaa. Mwaka 1970 aliandika kwenye jarida la New York Times kwamba jukumu la kijamii la biashara ni kuongeza faida, na watu wengi wanaishia hapo. Lakini ndani ya makala hiyo hiyo kaweka sharti: mradi biashara ifuate kanuni za jamii, za sheria na za maadili yaliyozoeleka. Alichokuwa anakipinga ni meneja kutumia hela za wenye hisa kufanya mema anayoyapenda yeye. Kwa hiyo Friedman asingekubali yale madawati, labda kama yangeiletea kampuni yenyewe faida. Kuhusu maji machafu alisema meneja asitumie zaidi ya kile sheria inachotaka au kile kinachoifaa kampuni yenyewe, na hapo ndipo ubishi wa kweli ulipo mpaka leo: je, sheria inatosha, na je, kuna mtu wa kuisimamia kila siku kwenye kila bomba? Kwangu mimi, kwa jiji linalokua kwa kasi ya Dar, jibu ni kwamba haitoshi, na ndiyo maana anayekwenda kuwa meneja lazima afundishwe kuona kile ambacho mkaguzi hajafika kukiona.

Sasa tuje kwenye kiini chenyewe cha somo.

Fikiria nyumba ya kupanga Manzese, vyumba sita, mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Makubaliano ni kila chumba kinachanga sawa. Jamaa wa chumba cha tatu ananunua friji, anaanza kuuza barafu na maji ya baridi. Biashara inatembea. Umeme unaisha kabla ya siku zake, mnachangishana tena, sawa kwa sawa. Angalia kilichotokea kwenye daftari la jamaa: umeme wa friji lake anaulipia moja ya sita, tano ya sita mmezilipa nyinyi, na kwake yeye barafu lina faida nono. Sio mwizi. Hajavunja makubaliano yoyote, anachanga kwa wakati, na siku ya Idi anawagawia watoto barafu la bure na wote mnamsifu ana roho nzuri.

Endelea kidogo, maana utamu uko mbele. Nyumba ya pili kuna dada anauza barafu hilo hilo ila ana mita yake mwenyewe, umeme wote analipia yeye. Hawezi kushusha bei ifike ya jamaa. Wateja wanahama, na baada ya muda yule aliyekuwa analipa gharama yake yote ndiye anayefunga biashara, yule anayelipiwa na majirani ndiye anayeonekana mfanyabiashara hodari. Halafu chumba cha tano anaona, naye ananunua friji. Hakuna mtu mbaya hata mmoja kwenye hadithi hii na bado nyumba nzima inaumia, kwa sababu bei ya barafu inasema uongo kuhusu gharama ya barafu.

Mchumi Mwingereza Arthur Pigou alilichambua jambo la namna hii kwenye kitabu chake cha 1920, na dawa yake ilikuwa kodi inayolingana na madhara, yaani kwa lugha ya nyumba yetu, kila chumba kifungiwe mita yake. Sheria yetu ya mazingira ya 2004 imebeba wazo hilo pia: anayechafua ndiye anayelipa.

Mfano wa LUKU una mwisho wake lakini. Majirani wa Manzese wanaweza kumgongea jamaa mlango wakayamaliza. Aliye chini ya mto hajui maji yametoka bomba la nani. Na kuna kundi lingine ambalo haliwezi kugonga mlango kabisa, wapangaji ambao bado hawajahamia, watoto wetu na watoto wao. Hao ndio nusu ya pili ya somo, uendelevu. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ililiweka wazi mwaka 1987: tutimize mahitaji ya sasa bila kuwanyima wa kesho uwezo wa kutimiza ya kwao.

Hapa Dar huna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, Mto Msimbazi huo hapo, unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe unakatiza katikati ya jiji mpaka baharini karibu na Daraja la Selander. Watafiti kwa miaka mingi wamekuta madini mazito kama risasi kwenye maji, udongo na mboga za bonde hilo. Lakini tuwe waangalifu: mto unapokea maji ya viwanda, gereji, vyoo, barabara na takataka kwa pamoja, na kumpa kila mmoja fungu lake la lawama kwa uhakika ni kazi ngumu. Ugumu huo ndio unaofanya mita isifungike. Mfuko wa plastiki ulikuwa rahisi zaidi. Muuzaji alikuwa anautoa bure, mtaro ukiziba anayelipa ni manispaa na mwenye nyumba iliyojaa maji, mpaka ilipofika 1 Juni 2019 ukapigwa marufuku Tanzania Bara, na sasa unanunua mfuko mbadala. Gharama imehama kutoka mtaroni kuja mkononi mwako.

Historia ya jinsi somo lilivyoingia vyuoni nitaipitia haraka. Howard Bowen wa Marekani aliandika kitabu kuhusu wajibu wa wafanyabiashara mwaka 1953, ila mishtuko ndiyo iliyosukuma zaidi. Enron, kampuni kubwa ya nishati ya Marekani, ilianguka 2001 kwa udanganyifu wa mahesabu, wakati ilikuwa na kitabu cha maadili cha kurasa 64, na Jeffrey Skilling, aliyekuwa bosi wake mpaka Agosti mwaka huo, alikuwa na MBA, shahada ya uzamili ya biashara, ya Harvard. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ukaanzisha PRME, kanuni za elimu ya uongozi wenye kuwajibika, ambazo vyuo vya biashara vinajiunga nazo kwa hiari. Kwetu swali hili lilichelewa kwa sababu yake: baada ya Azimio la Arusha la 1967 kampuni kubwa zilikuwa za umma, nani amwajibishe nani? Lilikuja kwa nguvu baada ya ubinafsishaji wa miaka ya 1990.

Je, kufundisha kunasaidia? Hapa ushahidi ni mwembamba, na anayelipenda somo hili inabidi aukubali ulivyo. Mwaka 2006 utafiti wa Marekani na Canada ulikuta asilimia 56 ya wanafunzi wa shahada za juu za biashara wakikiri kudanganya kwenye masomo, dhidi ya asilimia 47 ya wenzao wa fani nyingine. Ni watu wanaojisemea wenyewe, na ni kule sio hapa, na haijulikani kama biashara inawabadilisha au inawavuta waliokuwa hivyo tayari. Mwaka 2009 ukaja uchambuzi uliounganisha programu 25 za kufundisha maadili ya biashara, na matokeo kwa ujumla yalikuwa madogo.

Ukijua habari ya mita, matokeo hayo hayashangazi sana. Kozi moja ya maadili mwaka wa mwisho, imekaa peke yake, inamwambia mwanafunzi awe mtu mwema, wakati miaka yote iliyotangulia masomo ya uhasibu na fedha yamempa hesabu ambayo mto haumo. Atafanya ile aliyopewa. Kwa maoni yangu somo linatakiwa liingie ndani ya masomo yale yenyewe, kwenye gharama za uzalishaji, kwenye manunuzi, kwenye mikopo, kwenye vyuo vyetu hapo CBE, IFM, Mlimani na kwingineko.

Na kazini tayari linaombwa. Juni 2023 bodi ya kimataifa ya viwango vya taarifa za uendelevu, ISSB, ilitoa viwango viwili, IFRS S1 na S2, vya kampuni kueleza hatari zake za uendelevu na za tabianchi kwenye taarifa zake kwa wawekezaji. Benki Kuu ya Tanzania ilishatoa mwongozo mwaka 2022 kwa mabenki kuhusu hatari za kifedha zinazotokana na tabianchi. Kwa hiyo ofisa mikopo akiletewa ombi la mkopo wa miaka kumi, dhamana ni ghala lililoko bonde la Msimbazi, hawezi tena kuandika thamani ya jengo akafunga faili. Inabidi ajue maji ya mvua za masika yanafika wapi, akadirie ghala litakuwa na thamani gani mwaka wa nane, aweke namba kwenye fomu, na aweze kuitetea hiyo namba mbele ya kamati.