Siki Haishikizi Kila Rangi: Dhana Potofu za Kutia Rangi Nyuzi na Kufuma Skafu

Anayeanza kutia rangi nyuzi na kufuma skafu nyumbani hakosi washauri. Shida ni kwamba ushauri mwingi ni wa kweli nusu, na mara nyingi ile nusu nyingine ndiyo inayoharibu uzi.

"Tia siki na chumvi, rangi itashika."

Kwanza uliza uzi wenyewe umetokana na nini. Sufu na hariri ni protini, na rangi zinazozifaa, yaani rangi za asidi, huhitaji siki kweli, pamoja na moto. Pamba na kitani ni selulosi. Huko siki inamwagwa bure. Rangi za pamba zinazopendwa na watia rangi wa nyumbani ni zile zinazofungamana na uzi kikemikali, zilizoingia sokoni mwaka 1956. Hizo zinataka kinyume cha asidi: sodiamu kaboneti, jamii ya magadi. Chumvi nayo huisukuma tu rangi itoke majini iuendee uzi. Kuifunga hapo, haiwezi. Na kama uzi ni wa akriliki au poliesta, weka kando vyote viwili. Unahitaji rangi za aina nyingine kabisa.

"Rangi za mimea ni salama, za dukani ni sumu."

Mmea huenda hauna neno, lakini rangi nyingi za mimea hazishiki bila dawa ya kuzishikiza. Shabu ni ya upole. Chumvi za kromu, zilizotumika sana zamani, ni sumu kali, na mimi sioni sababu ya kuziingiza nyumbani. Rangi za dukani za unga nazo zina hatari yake: unga ukivutwa puani unaweza kuamsha mzio wa mapafu, kwa hiyo vaa barakoa unapoupima. Sufuria iliyotumika kwa rangi, iwe ya majani au ya kopo, isirudi jikoni.

Tena "ya asili" haina maana ya "ya kudumu". Maji ya kiazi sukari ni mekundu ya kuvutia, lakini uzi ukishafuliwa hubaki kidogo sana. Bizari ya manjano hushika upesi, kisha jua huifubaza. Nili ndiyo yenye maajabu: haihitaji dawa ya kushikiza, na uzi hutoka kwenye pipa ukiwa na rangi ya kijani-manjano, halafu ukiguswa na hewa unageuka buluu huku unautazama.

"Maji ya moto huharibu sufu."

Sufu hujisokota na kugandamana kwa kusuguliwa na kwa kurushwa ghafla kutoka moto kwenda baridi. Ipashe taratibu mpaka karibu na kuchemka, usiikoroge ovyo, kisha iache ipoe ndani ya maji yaleyale. Maji yakiwa meupe, rangi yote imeingia kwenye uzi. Usiihukumu rangi hapo, lakini: uzi uliolowa huonekana umekoza kuliko utakavyokuwa ukikauka.

"Uzi ukipendeza kwenye fungu, skafu itapendeza."

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Katika ufumaji wa kawaida, nyuzi za mtande, zilizotandwa kwa urefu mtamboni, na za mshindio, zinazopitishwa kwa upana, hupishana moja juu, moja chini, hivyo jicho hupokea nusu ya hii na nusu ya ile. Mtande mwekundu na mshindio wa kijani, ukisogea hatua chache, vinakuwa hudhurungi. Fungu la rangi tano zinazong'aa, likitumika pande zote mbili, huweza kutoa kitambaa kilichofifia kama kimepauka. Dawa yake ni rahisi: uzi wa rangi nyingi uweke kwenye mtande, na mshindio uwe wa rangi moja iliyokoza au iliyo jirani na zile. Kabla ya kuamua, sokota uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio pamoja, uutazame kwa mbali.

"Vuta mshindio ili kingo zinyooke."

Ndivyo skafu ya sentimita 25 inavyoishia kuwa ya 20, na nyuzi za pembeni zinakatika. Mshindio upite ukiwa umelegea kwa mshazari au kwa upinde, ndipo uushindilie. Tena usiushindilie kwa nguvu. Skafu ni ya kulala shingoni, haina kazi ya mkeka.

"Unahitaji mtambo mkubwa." Hapana. Mtambo mdogo wa mezani wenye kitana kimoja, yaani chanuo linalopitishwa nyuzi za mtande, unatosha. Kinachohitaji hesabu ni uzi: nyuzi 4 kwa sentimita, upana wa sentimita 25, ni nyuzi 100 za mtande. Ukizitanda kwa mita 2.5 ni mita 250, na mshindio utakula kama mita 200 nyingine.

"Ukiikata mtamboni, imekwisha."

Kitambaa kikiwa bado mtamboni kimevutwa, na matundu yanaonekana. Ukikikata hujikunja na kukakamaa, na hapo wengine hukitupa. Funga matamvua kwanza, la sivyo mshindio utafumuka. Kisha loweka skafu kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, uikamue ndani ya taulo bila kuisokota, uilaze ikauke. Nyuzi hujaa na matundu hufunga. Upana na urefu hupungua, mara nyingi kama asilimia 10, kwa hiyo nyongeza hiyo iwekwe tangu siku ya kutanda.